Binti mwenye upanga na sheria za ulimwengu wake

"Shikamoo Mwalimu. Ninaandika riwaya ya kifantasia. Mhusika mkuu ni binti wa miaka 19, hodari wa upanga, haogopi mtu. Rafiki yangu amesoma sura tatu akaniambia, 'Huyu si mwanamke, ni mwanamume umemvika gauni.' Nami nikisoma riwaya za nje naona mwanamke ama ni malkia mchawi, ama ni zawadi ya shujaa, ama ndiye huyohuyo wa upanga. Siku hizi mwanamke anasawiriwaje katika fantasia? Na binti yangu nimfanyeje?"
Msomaji, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Nianze na rafiki yako, maana kauli yake inauma kuliko inavyofundisha. Mwanamke anayepigana hageuki mwanamume. Lakini msomaji anaposema hivyo, mara nyingi ameona kitu cha kweli akakipa jina lisilo lake: ameona mtu asiye na watu. Binti hana mama, hana shangazi, hana shoga, hana aliyemfundisha kushika upanga wala wa kumshona jeraha. Amezungukwa na wanaume, nusu wa kuwaua na mmoja wa kumpenda. Mnyang'anye upanga, uone kama kuna kinachobaki.

Kwa hiyo shaka yangu haiko kwa binti. Iko kwa ulimwengu uliomjengea kabla hajafungua mdomo. Anayeandika riwaya ya Kariakoo anazikuta sheria za Kariakoo zipo. Katika fantasia sheria unatunga wewe. Nani anaruhusiwa kusomea uchawi, nani anarithi kiti, nani anapika, nani anabaki na mtoto shujaa akiwa safarini: yote umeyaamua, hata yale uliyoyaamua bila kujua. Usawiri wa mwanamke unaanzia hapo.

Mfano wa kwanza ni mzee wa fani mwenyewe, J.R.R. Tolkien. Katika The Lord of the Rings, iliyotoka kati ya 1954 na 1955, msafara unaotumwa kwenda kuiangamiza pete ya uchawi una watu tisa, wote wanaume. Halafu anatokea Éowyn, mpwa wa mfalme wa Rohan, ambaye kila mtu anamkumbuka kwa tukio moja. Amejificha katika mavazi ya askari, amesimama mbele ya Mfalme Mchawi anayejigamba kwamba hakuna mwanamume aliye hai wa kumzuia. Éowyn anacheka, anamjibu kwamba yeye si mwanamume, kisha anamuua.

Tukio tamu, na limeigwa mpaka limechakaa. Ila Éowyn hakuzaliwa pale. Alizaliwa kurasa nyingi nyuma, Aragorn, shujaa mrithi wa ufalme, alipomwambia abaki nyumbani. Anamjibu kwamba maneno yake yote yana maana moja tu: wewe ni mwanamke, kazi yako iko ndani; na wanaume wakishakufa vitani kwa heshima, unayo ruhusa ya kuteketea pamoja na nyumba, kwa kuwa wao hawataihitaji tena. Akiulizwa anaogopa nini, hataji kifo. Anataja kizimba: kukaa nyuma ya vyuma mpaka mazoea na uzee vimfanye avikubali. Aliyesema hayo amekwisha kuwa mtu kamili, hata usipompa silaha. Huenda binti yako ana upanga wa Éowyn na hana mazungumzo yale. Hebu angalia.

Mwisho wa Éowyn umegombaniwa sana. Anaweka silaha chini, anaolewa, anachagua kazi ya uponyaji. Wahakiki wengi wameona hapo mwandishi anamrudisha jikoni. Mimi silii nao sana, maana katika riwaya hiyohiyo Aragorn mwenyewe anatambulikana kuwa mfalme kwa mikono yake inayoponya. Uponyaji si kazi ya daraja la pili pale. Kinachonikera ni kwamba kitabu cha kurasa zaidi ya elfu moja hakikumpa Éowyn mwanamke mwenziwe wa kuzungumza naye kwa dhati. Rafiki wa Tolkien, C.S. Lewis, ndiye usiseme: katika kitabu cha kwanza cha mfululizo wake wa Narnia, 1950, wasichana wanakabidhiwa silaha na papo hapo wanaambiwa kwamba vita huwa vibaya wanawake wakipigana. Kana kwamba wanaume wakipigana vinakuwa harusi.

Mtu ninayetaka ukae naye ni Ursula K. Le Guin, Mmarekani aliyefariki 2018. Alijenga ulimwengu, akaja kuona kasoro ndani ya sheria alizozitunga mwenyewe, na akairekebisha mbele ya macho ya wasomaji. Sijui mfano bora kuliko huo kwa mtu anayeanza.

Mwaka 1968 alitoa A Wizard of Earthsea. Ni ulimwengu wa visiwa, na watu wake wengi wana ngozi nyeusi au ya rangi ya shaba, jambo lililohitaji ujasiri katika fantasia ya wakati ule. Katika kisiwa cha Roke kuna shule ya uchawi, na wanaoingia ni wavulana tu. Hakuna anayeuliza kwa nini. Kule Gont, kisiwa alikozaliwa shujaa, watu wana misemo miwili: mmoja unasema uchawi wa mwanamke ni dhaifu, wa pili unasema ni mwovu. Jinsi kitu kimoja kinavyokuwa dhaifu na cha kutisha kwa pamoja, waulize wenye misemo.

Itazame sura ya kwanza kwa karibu. Ged ni mtoto wa mfua shaba, na mama yake alifariki yeye akiwa mchanga. Siku moja anamsikia dada wa marehemu mama yake akimwita mbuzi aliyepanda juu ya paa la nyasi; anatamka maneno fulani, mbuzi anaruka chini. Kesho yake Ged yuko machungani, anayajaribu maneno yale. Mbuzi wanakuja. Wanakuja wote, wanambana kwa pembe na manyoya, hawamwachii nafasi ya kupita, mpaka anakimbilia kijijini analia, kundi zima limemzunguka. Yule mama mganga anamfungua, anampeleka kibandani kwake, anaanza kumfundisha. Kwa hiyo mwalimu wa kwanza wa mchawi mkuu wa visiwa vyote ni mwanamke wa kijijini, na kitabu kinamlipa kwa kumwita mjinga. Baadaye mwanamume mwenye busara anakuja kumchukua mtoto, na mama yule tunaachana naye.

Mwaka 1971 akaja Tenar, katika The Tombs of Atuan. Anachukuliwa kwao akiwa mtoto mdogo, ananyang'anywa jina lake, anafanywa kuhani mkuu wa nguvu za giza na kuitwa Arha, yaani aliyeliwa. Anaweza kuamuru mtu afe, lakini hana ruhusa ya kuishi penginepo. Umelalamika kuhusu malkia mchawi. Basi soma huyu uone anavyoonekana akitazamwa kutoka ndani. Ametukuzwa, anaogopwa, na maisha yake hayana alichokichagua yeye.

Kitabu cha tatu kilitoka 1972. Cha nne, Tehanu, kilikawia hadi 1990, na hapo ndipo penye somo. Tenar sasa ni mjane wa makamo. Aliwahi kupewa nafasi ya kusomea uchawi, akaiacha, akaolewa na mkulima, akazaa mtoto wa kike na wa kiume. Analea binti wa watu aliyetupwa motoni na jamaa zake mwenyewe na kubaki na makovu upande mmoja wa uso. Ged analetwa kisiwani mgongoni mwa joka akiwa amepoteza uchawi wake wote. Huyu aliyekuwa mkuu wa wachawi sasa ni mtu wa kawaida, na hajui mtu wa kawaida anaishije.

Kuna mazungumzo humo ambayo ningependa uyasome mara mbili. Mganga mzee wa kijiji, jina lake Moss, anamweleza Tenar kwamba nguvu ya mwanamke ina mizizi mirefu kuliko miti, ni ya kale kuliko mwezi, na hakuna athubutuye kuliuliza giza maswali. Maneno matamu, ya kunakiliwa na kubandikwa ukutani. Tenar anajibu kwamba yeye atauliza; ameishi gizani vya kutosha. Unaona alichokifanya mwandishi? Alijengewa mtego wa kumsifu mwanamke kwa kumfanya fumbo, akaukataa kwa kinywa cha mtu mwenye haki ya kuukataa. Riwaya nyingi za leo zinazojiita za kumkweza mwanamke bado zimo ndani ya mtego huo: mwanamke ni mwezi, ni bahari, ni mizizi, ni kila kitu isipokuwa mtu anayedaiwa kodi.

Tukio la pili ni dogo zaidi. Mtoto wa kiume wa Tenar, baharia, anarudi nyumbani, anakula, anaiacha sahani mezani. Kuosha vyombo anaona ni kazi ya wanawake. Anayeosha ni Ged, aliyewahi kuzungumza na majoka. Tenar anajiuliza alimlea vipi mwanawe. Wako wasomaji waliochukia: walifuata majoka, wakakuta vyombo vichafu. Hata hivyo kitabu kilipata tuzo ya Nebula, na mimi nasema hakuna pambano la upanga katika vitabu vile vyote lililoeleza sheria za ulimwengu ule waziwazi kama ile sahani.

Hatua ya mwisho ilikuja 2001, katika Tales from Earthsea. Le Guin anarudi karne zipatazo tatu nyuma na kuonyesha kwamba miongoni mwa walioianzisha shule ya Roke walikuwamo wanawake. Walikuja kufungiwa mlango baadaye, na historia ikaandikwa bila wao. Hakufuta neno la kitabu cha 1968. Aliongeza tu kwamba sheria ile ilitungwa na watu, na kuna walionufaika nayo.

Linganisha na Nnedi Okorafor, mwandishi wa Marekani mwenye asili ya Nigeria. Katika Who Fears Death, 2010, Onyesonwu anaishi Sudan ya zama zijazo, na anakwenda kuomba kufundishwa uchawi kwa mzee aitwaye Aro. Aro anamfukuza kwa sababu ni msichana. Anarudi. Anafukuzwa. Kile ambacho mwaka 1968 kilikuwa ukuta usioulizwa, hapa ni mgogoro unaosukuma msuko wote. Kwa hiyo usiogope kuuweka ubaguzi katika nchi yako ya kubuni. Uweke, ila uwe sheria yenye wenyewe, ambayo mtu anaigonga kwa ngumi. Riwaya ile ilishinda World Fantasy Award mwaka 2011, na kichekesho ni kwamba tuzo yenyewe wakati huo ilikuwa sanamu ya kichwa cha H.P. Lovecraft, mwandishi aliyewadharau weusi hadharani. Okorafor aliliandikia jambo hilo. Miaka michache baadaye sanamu ikabadilishwa.

Utasikia hoja ya kwamba zamani ndivyo ilivyokuwa, wanawake hawakuwa na lolote. Hoja hii ilipata nguvu kwa George R.R. Martin, aliyeanza mfululizo wake, A Song of Ice and Fire, 1996 akiegemea vita vya Uingereza ya karne ya 15. Nimpe haki yake kwanza: wanawake wake ni wengi, na hawafanani. Brienne ni shujaa mwenye mwili mkubwa anayechekwa kila aendako. Cersei ana tamaa ya madaraka na hana subira. Sansa hajui hata kushika kisu, na amefunzwa kwamba adabu ndiyo deraya ya mwanamke. Wanataka vitu tofauti, na wakati mwingine wanaumizana. Huo ni utajiri. Lakini wasomaji wakihoji wingi wa ubakaji katika vitabu hivyo na katika tamthilia iliyotokana navyo, Game of Thrones, hujibiwa kwa historia. Ajabu ni kwamba historia hiyo huvumilia majoka, na hukumbuka mateso ya wanawake tu. Katika Uingereza ya Enzi za Kati kazi ya kupika na kuuza pombe kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa wanawake, na watawa wa kike waliongoza nyumba zenye ardhi na wapangaji. Mpika pombe mwenye madeni na ushawishi mtaani ni mhusika wa kihistoria vilevile, sema hatumwoni.

Ukitaka kuandika ubakaji, jiulize hadithi inabaki mikononi mwa nani baada ya hapo. Mwaka 2015 tamthilia ile ilimpa Sansa mateso ambayo vitabuni yalimpata msichana mwingine, na sehemu kubwa ya tukio ikaelekezwa kwenye uso wa mwanamume anayelazimishwa kutazama. Lawama zilikuwa nyingi, na kwa maoni yangu zilistahili. Red Sonja, wa majarida ya katuni tangu 1973, alipewa asili ya namna hiyo pia: alibakwa, ndipo akapewa nguvu. Kana kwamba mwanamke hawezi kupenda upanga hivihivi, kama mvulana yeyote anavyoupenda.

Na kwa kuwa nimemtaja, sidiria yake ya chuma tusiipotezee muda. Hata ile bamba ya kifuani yenye vikombe viwili wanayovishwa wapiganaji wa kike katika michezo ya kompyuta inawaelekeza kwenye kaburi: ncha ya upanga ikiteleza kwenye kikombe inaishia katikati, penye mfupa wa kifua. Bamba la kweli limebinuka mbele ili pigo liteleze nje. Mvishe binti yako la namna hiyo.

Siku hizi soko kubwa ni la fantasia ya mapenzi, ya akina Sarah J. Maas na Rebecca Yarros. Watu wazima wanaidharau, nami sioni sababu ya kuidharau yote. Imempa mwanamke haki ya kutamani, kwa sauti yake, bila kuadhibiwa mwisho wa kitabu. Violet wa Yarros, katika Fourth Wing ya 2023, ana viungo vinavyoteguka kwa urahisi. Anapanga mapambano yake kwa hesabu, na wapinzani wengine anawalisha sumu kidogo kabla hawajapanda ulingoni. Mwili wake una kikomo, na kikomo hicho kinamfanya afikiri. Wako unao? Lawama yangu kwa kundi hili ni kwamba karibu kila mwanamke mwenye hadithi ana miaka 19 au 20, na mchumba, kama yule wa Maas, amevuka miaka 500. Mwenye miaka arobaini amekwenda wapi?

N.K. Jemisin anajua. The Fifth Season, 2015, inaanza na Essun, mwalimu wa watoto, mama, mwenye miaka arobaini na kitu, katika nchi ambayo ardhi yenyewe haitulii. Anarudi nyumbani anakuta mwanawe mdogo ameuawa na baba yake, kwa sababu baba amegundua mtoto ana nguvu za kutuliza na kutikisa ardhi. Mume ametoroka na binti yao. Essun naye ana nguvu hizo. Ameificha siri miaka yote ya ndoa, amepika, amefundisha, amefua. Masimulizi yake yako katika nafsi ya pili: wewe umekaa na maiti, wewe unainuka. Kuna wanawake wengine wawili humo, na jinsi hadithi zao zinavyohusiana sikuharibii. Mfululizo huo ulishinda tuzo ya Hugo ya riwaya bora miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018, na kabla yake hakuna aliyefanya hivyo. Essun ana hasira, anakosea, anaua wasio na hatia, na bado tunamfuata. Si mwanamke wa mfano kwa yeyote, na ndiyo maana anaaminika.

Sasa rudi kwetu, kwa sababu unaandika Kiswahili na una ghala lako. Chukua utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913. Jitu shujaa limefungwa pingu gerezani. Chakula kizuri anacholetewa na kijakazi Saada walinzi wanakila, kwa hiyo Liyongo anatuma ujumbe kwa wimbo: mama amwokee mkate wa wishwa, na katikati atie tupa. Walinzi wanaudharau mkate wa makapi, wanampa. Usiku watu wakiwa katika ngoma ya gungu, kelele zimejaa, yeye anakeza vyuma. Bila mpishi na mchukuzi, shujaa wetu angekufa mle ndani. Hata baada ya mwanawe kumchoma sindano ya shaba kitovuni, Liyongo anakufa amepiga goti kisimani, upinde umevutwa, mji mzima unakosa maji kwa kuogopa maiti. Anayeitwa kwenda kuisemesha ni mama yake.

Ila jiulize Saada alikwenda wapi. Alivuka mbele ya walinzi na tupa ndani ya mkate, kosa la kuuawa. Alikuwa mtumwa. Liyongo alipata uhuru, yeye alipata nini? Riwaya nzima imelala hapo, na haihitaji upanga hata mmoja.

Kwa binti yako, basi, upanga mwachie. Andika upya sura ya pili. Mpe aliyemfundisha, na awe mwanamke mzee mwenye sababu zake za kufundisha, ambazo binti hazijui. Mpe mwanamke wa rika lake wasiyepatana, wakigombana kwa jambo lisilo mwanamume: deni, urithi, njia ya kupita mlimani. Akimaliza kupigana, mwache achoke; kuna mtu amshone, na mtu huyo awe na jina na mashaka yake juu ya vita hivi. Halafu nenda kwenye ile sheria ambayo nadhani hukuitunga kwa makusudi: kwa nini jeshi lako lote ni la wanaume isipokuwa yeye? Kama kuna jibu, liingize kwenye hadithi. Kama hakuna, jeshi lako lina nafasi za kazi.

Kuhusu kusoma, usianze na Tehanu, hutaielewa hasira yake. Anza na kile cha 1968 na cha 1971, ni vifupi vyote viwili. Cha Jemisin kiweke mwisho, na kwa ukurasa wa kwanza ule, kama una mtoto mdogo nyumbani, kisome mchana.